Wanakijiji Wasiokula

Mwaka 2016 kaka yangu alikuwa na stesheneri Kibiti mjini, kando ya barabara iendayo Kilwa, hatua chache kutoka pale mabasi ya kusini yanaposimama abiria wanunue korosho na maji. Ilikuwa na mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta mbili za mezani na feni iliyozunguka kama inayolazimishwa. Mchana kaka alichapa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi. Jioni, umeme ukiwapo, kompyuta ya pili ilikuwa ya Age of Empires II.

Gemu ile ilifika kwenye flashi ya rafiki yake aliyekuwa akisoma Dar. Nilikuwa kidato cha tatu, msichana pekee katika kundi la wavulana watano waliobanana kwenye benchi moja kusubiri zamu. Mwanzoni sikuruhusiwa kugusa mausi. Nilipewa kazi ya kuangalia ramani ndogo pembeni ya kioo na kupiga kelele nikiona doti nyekundu. Nilipopata zamu yangu, baada ya wiki mbili, nilishindwa ndani ya dakika ishirini. Usiku ule sikulala. Nilikuwa najipangia upya kichwani: nani angekata kuni, nani angechunga kondoo, ukuta ningeuanzia wapi.

Kwa asiyeijua: gemu hii ilitoka mwaka 1999, ikatengenezwa na Ensemble Studios na kuchapishwa na Microsoft. Unaanza na kituo cha mji, wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja juu ya farasi. Ramani yote ni nyeusi isipokuwa pale ulipo. Unawatuma wanakijiji kutafuta chakula, kuni, dhahabu na mawe. Ukikusanya vya kutosha unavuka kutoka Zama za Giza kwenda zama zinazofuata, na mwisho unafika zama ambazo sisi, watoto wa somo la uraia, tulizitafsiri palepale kuwa za ubeberu. Hakuna zamu. Wewe unafikiri, na mwenzako upande wa pili wa bahari naye anafikiri, muda huohuo. Ukienda kunywa maji, umechelewa.

Nianze na mazuri yake, maana ni mengi, na sitaki nionekane nimekuja kuitukana gemu iliyonilea.

La kwanza, ilinifundisha kwamba vita huanzia jikoni. Mchezaji mgeni hukimbilia kutengeneza askari. Mzoefu huhesabu wanakijiji. Kila mmoja anagharimu chakula 50, na kila sekunde ambayo kituo cha mji kimekaa bila kutengeneza mwingine ni hasara utakayoiona nusu saa baadaye, jeshi la mwenzako likija mara mbili ya lako. Mwalimu wetu wa historia alikuwa akituambia kwamba dola hujengwa na uchumi, tukaandika kwenye daftari tukasahau. Mimi nililielewa neno hilo siku nilipoishiwa kuni katikati ya vita.

La pili, ilinifundisha kusoma nchi. Kivuko, kilima, mlango wa msitu, ufuko ambao meli inaweza kushusha watu. Mpaka leo nikisafiri, nikivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, macho yangu hutafuta pa kuweka mnara.

La tatu ni kubwa zaidi: ilinipeleka kwenye vitabu. Mwaka 2015 nyongeza iitwayo The African Kingdoms ilileta Wamali, Waberberi na Waethiopia. Wavulana wa benchi letu walishangilia kama timu imefunga goli. Wamali ndio waliokuwa wetu. Nilikwenda kumtafuta Mansa Musa maktaba ya shule nikamkuta kwenye aya moja. Kutoka aya hiyo nikafika kwa Ibn Battuta, na kwa Ibn Battuta nikagundua jambo ambalo mwalimu hakuwa amelitilia mkazo: mtu yule aliyefika Mali alikuwa amekwisha kufika Kilwa kabla yake, mwaka 1331. Kilwa hii, ambayo mabasi yake yalipita mbele ya stesheneri yetu kila asubuhi na vumbi lake likatua kwenye kioo cha kompyuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: sisi tuko wapi humu?

Wamo Waethiopia. Wamo Wamali. Waswahili hawamo. Mji uliokuwa ukipiga sarafu zake wenyewe za shaba, uliosimamia dhahabu ya Sofala, uliojenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, haukupata nafasi kwenye orodha. Lakini nyongeza ileile ilileta taifa la nne, Wareno, pamoja na kampeni ya Francisco de Almeida. Almeida wa historia tunamjua. Julai 1505 aliiteka Kilwa, na Agosti akaipora na kuichoma Mombasa. Kwenye gemu, mkono unaomwongoza ni wako.

Kaka hakuona tatizo. "Ni gemu, mdogo wangu. Kwani ukicheza Wamongolia unakuwa Mmongolia?" Alikuwa na hoja. Uzuri mmoja wa aina hii ya michezo ni kwamba inakukalisha kwenye kiti cha mtu usiyempenda, ukaona dunia inavyofanana ukiwa pale. Kucheza upande wa Almeida kulinifanya nielewe kwa nini mtu aliyetoka mbali na meli zenye mizinga angeutaka mji wenye bandari nzuri. Kitabu hakikuwahi kunionyesha hilo.

Kilichonikaa kooni ni jengo moja. Wareno wa gemu wana jengo lao peke yao, Feitoria. Ukishalijenga, linatoa chakula, kuni, dhahabu na mawe bila mtu hata mmoja kufanya kazi, na haliishi kutoa mpaka libomolewe. Wachezaji hulipenda sana mwishoni, migodi ikikauka. Sasa Wareno walikuwa na feitoria ya kweli, Kilwa, pamoja na ngome, kuanzia mwaka huohuo wa 1505. Haikutoa chochote kutoka hewani. Iliishi kwa biashara ya watu wengine, na biashara hiyo ilipovurugika, kwa sababu wafanyabiashara hawakuwa doti za kubofywa bali watu wenye vyombo na njia nyingine, feitoria ikakosa kazi. Mwaka 1512 Wareno waliondoka Kilwa. Wabunifu wa gemu walilichukua jina la jengo wakaacha sababu ya kufa kwake.

Udhaifu huu nimejifunza kuuona kila mahali kwenye gemu za aina hii. Si kwamba zinadanganya tarehe. Tarehe ziko sawa, mavazi yamechunguzwa, hata wanakijiji wa Ethiopia wanaitika kwa Kiamhari. Tatizo ni kwamba mchezaji anakaa juu, kwenye mawingu, na kutoka huko juu mtu anaonekana ni kazi anayoifanya.

Likizo ya Desemba mwaka ule nilikwenda kwa mjomba, ndugu wa mama, ambaye anavua na zamani alikata boriti kwenye delta. Tuliondoka Nyamisati alfajiri, maji yakijaa, tukaingia kwenye mikono ya mto. Kama hujafika huko, fikiria msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake Afrika Mashariki, uliokatwakatwa na mifereji inayopinda mpaka unasahau jua liko upande gani. Mjomba hakuwa na ramani. Alikuwa na majina. Huu mkoko, unafaa boriti. Ule mkandaa, magome yake hutoa rangi. Mchu ndio wa kuchonga mtumbwi. Mkomafi, mlilana, msikundazi. Kisha majina ya miti iliyokwisha kukatwa, kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakija hapa kuzibeba, na nyumba za Ghuba zilikuwa na vyumba vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, haiongezeki.

Kwenye gemu kila mti una kuni 100. Mwezi uleule niliokuwa kwa mjomba, nyongeza nyingine, Rise of the Rajas, ilileta hata mikoko. Nilipoiona baadaye nilifurahi kama mtu aliyeona picha ya kwao kwenye kalenda. Nikatuma wanakijiji wakate. Kuni 100, kama mti mwingine wowote, na ukiisha pamebaki patupu, hapaoti tena.

Katika safari ile mjomba alinionyesha upande wa Salale na kusema, "Huko ndiko manowari ya Mjerumani ilikolala." Nilidhani ni hadithi za wazee. Kumbe ni moja ya vita ambavyo mtengenezaji wa gemu angeviota. Tarehe 20 Septemba 1914, meli ya vita ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye delta yetu ikiwa na hitilafu kwenye mitambo. Waingereza wakaizingira kutoka baharini. Novemba wakazamisha meli ya Newbridge kwenye mlango mmoja wa mto ili kuuziba. Januari 1915 wakaichukua Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuitafuta. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia, maji hayatoshi. Ikabidi zitafutwe meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Zilijaribu tarehe 6 Julai zikashindwa, zikarudi tarehe 11, na siku hiyo Königsberg ikapigwa mpaka wenyewe wakaamua kuizamisha. Mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Meli yenyewe imemezwa na matope.

Nilimsimulia kaka, macho yakamtoka. Tukakaa siku tatu tukitengeneza ramani kwa kile chombo cha kuchora ramani kilicho ndani ya gemu: mifereji, misitu, meli moja katikati, meli nyingi nje. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote tulizowahi kuchora. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo ilivyokataa kufanana na ukweli. Mitambo ya Königsberg ilipoharibika, vipande vyake vilivutwa na watu kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa vivyo hivyo. Watu wale, mababu wa mtu fulani, pengine wa kwetu, tungewaweka wapi? Kwenye gemu meli ikiharibika mwanakijiji anakuja na nyundo, anagonga, mstari wa kijani unajaa. Meli haihitaji makaa. Askari hahitaji mtu wa kumbebea unga. Na vita ile, katika Afrika Mashariki nzima, iliua makumi ya maelfu ya wapagazi kwa njaa, kuhara na uchovu. Kuna gemu za vita za kila aina. Ya mpagazi sijaiona.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nikiruka nitakuwa nimefanya kama gemu.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha nne. Msomaji wa Tanzania akisikia Kibiti na mwaka huo anajua nazungumzia nini. Viongozi wa vijiji na vitongoji walikuwa wakiuawa, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa kwa risasi katika shambulio moja. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Watu walihama nyumba zao bila kuaga, wengine walitoweka na ndugu zao hawakujua waulize wapi wala kwa sauti gani. Stesheneri ilianza kufungwa saa kumi na moja jioni. Benchi la wavulana watano likabaki na wawili, kisha hakuna.

Kaka aliihamishia kompyuta moja nyumbani. Jioni moja, giza limeshaingia, alikuwa akicheza chumbani sauti ikiwa juu. Adui akamshambulia. Gemu ina mlio wake wa kukuarifu kwamba umeshambuliwa, kama baragumu. Mama alikuwa uani akiosha vyombo. Aliposikia mlio ule aliacha sufuria, akanishika mkono, akanisukuma ndani na kuketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Hakusema neno. Ilichukua muda kaka kuelewa kilichotokea. Alipotoka na kusema, "Mama, ni gemu," mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Zima."

Alizima. Baadaye alikuwa akicheza bila sauti, halafu akaacha kabisa. Mwezi Julai alihamia Dar, akafungua kazi nyingine, na hata leo ukimuuliza kuhusu ramani yetu ya Königsberg anabadilisha mazungumzo.

Nimefikiri sana kuhusu ukungu. Kwenye gemu kuna giza la pale usipowahi kufika, halafu kuna ukungu wa kijivu pale ulipofika ukaondoka. Kwenye ukungu huo unaona majengo kama ulivyoyaacha. Kama nyumba imeshavunjwa baada ya wewe kuondoka, bado utaiona imesimama, mpaka urudi. Huo ni ubunifu wa akili sana, pengine ndio ukweli mkubwa kuliko yote ndani ya gemu ile. Mwaka ule tuliishi kwenye ukungu wa namna hiyo. Tulimjua mtu kama tulivyomwona mara ya mwisho. Lakini gemu inakuahidi kitu ambacho sisi hatukukipata: mwishoni ramani yote inafunguliwa, unaonyeshwa nani alikuwa wapi na alifanya nini, kwa michoro ya rangi. Kibiti palitulia, sokoni kukachangamka tena, mabasi yakarudi kusimama usiku. Ramani haikufunguliwa.

Nilirudi kwenye gemu nikiwa chuoni, Dar es Salaam. Toleo jipya lilikuwa limetoka, picha safi zaidi, na hosteli ilikuwa na intaneti. Niliizoea upya kwa upesi wa aibu. Usiku mmoja wa Aprili 2024, nikiwa mwaka wa mwisho, nilikuwa nacheza na mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua. Simu ilikuwa kwenye chaja upande wa pili wa chumba, nimeizima sauti. Mchezo ulikwenda zaidi ya saa nzima. Nilishinda. Nilipoichukua simu nilikuta mama amepiga mara sita, na ujumbe mmoja: maji yameingia bondeni, bibi yako yuko kwenye dungu, hatujampata.

Kwa msiojua: dungu ni kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji hujenga shambani, walale humo kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko. Bibi yangu, mama yake mama, ana zaidi ya miaka sabini na kila msimu hushuka bondeni kulima, hata tukimkataza. Mwaka ule mafuriko yaliyapita makadirio yote. Mjomba alifika na mtumbwi asubuhi. Bibi alikuwa amekaa juu ya dungu usiku kucha na kuku wawili na redio, maji yakigusa ubao wa mwisho wa ngazi. Mpunga wote, ambao alitarajia utoe magunia kumi na mawili, ulikuwa chini.

Hakuna ambaye angeokolewa na mimi kupokea simu. Nilikuwa Dar, sina mtumbwi. Najua hivyo. Lakini naijua pia idadi ya wanakijiji niliokuwa nao dakika ile: 110, wote nikijua waliko.

Shamba kwenye gemu linagharimu kuni 60. Linatoa chakula kilekile popote ulipolilima, kando ya mto au jangwani, masika au kiangazi, maana hakuna masika. Mto haupandi. Kwa mtu wa Rufiji hili si kosa dogo la kitaalamu. Kwetu mto ndio mwenye shamba. Maji yakipanda kiasi huacha tope linalorutubisha, yakirudi watu hulima mlau kwenye unyevu uliobaki. Yakikosa kupanda ni njaa. Yakizidi ni njaa. Historia yote ya bonde hili ni mazungumzo na maji, na gemu ya historia iliyoyaondoa maji hayo imeondoa mchezaji mmoja muhimu kuliko wafalme.

Baada ya mafuriko bibi alikaa kwetu Kibiti mjini, na nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani nikisubiri kazi. Alikuwa hana la kufanya, na kukaa bure humuumiza kuliko mgongo wake. Siku moja alivuta kigoda akakaa nyuma yangu.

"Mke mwenzangu, hicho unachokitazama kutwa ni nini?"

Nikamweleza. Huu mji, hawa watu wangu, mimi nawaongoza. Akavaa miwani.

"Wanaitwa nani?"

"Hawana majina, bibi. Ni wanakijiji."

"Wa kijiji gani?"

Sikuwa na jibu. Aliendelea kutazama. Mwanaume mmoja alikuwa akilima, mwanamke mmoja akikata mti, mwingine akirudi na nyama ya nguruwe mabegani, na hapo bibi akasema astaghafirullah na kucheka.

"Mbona hawali?"

"Wanakula mara moja tu, bibi. Wakati wa kutengenezwa. Chakula hamsini. Baada ya hapo hawali tena."

"Na usiku?"

"Hakuna usiku."

"Wakifa?"

"Wanabaki mifupa kidogo, halafu wanapotea."

"Hawazikwi." Hakuwa anauliza.

Nikamwonyesha namna ya kuwahamisha. Unachora kisanduku kuwazunguka, unabofya kule unakotaka, wanakwenda wote pamoja. Bibi alinyamaza. Kisha akaniambia habari ambayo nilikuwa naisikia vipandevipande tangu utotoni. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliamua watu wa bondeni wahamie juu, kwenye vijiji vipya vya ujamaa, mbali na maji, karibu na shule na zahanati. Iliitwa Operesheni Rufiji. Bibi alikuwa msichana. Walipandishwa kwenye lori na mikeka, vyungu na mbuzi. Huko juu mchanga haukushika mpunga. Baba yake alirudi bondeni usiku, kwa miguu, akaung'oa mlango wa nyumba yao ya zamani, akaubeba mpaka juu. Nyumba mpya ilikuwa ya miti na udongo kama zote za mstari ule, lakini mlango ulikuwa wao.

"Waliotuhamisha hawakuwa watu wabaya," bibi alisema. "Shule ilikuwepo kweli. Mama yako amesoma hapo. Ila walituona kutoka mbali."

Nikakumbuka kwamba gemu ina kitufe maalumu cha kumtafuta mwanakijiji asiye na kazi. Ukikibonyeza, kioo kinaruka mpaka alipo. Ina pia kitufe cha kumfuta mwanakijiji wako mwenyewe. Wachezaji wazuri hukitumia mwishoni, idadi ya watu ikifika kikomo, ili wapate nafasi ya askari. Nimekitumia mara nyingi bila kuwaza. Na nikakumbuka kwamba si mbali na hapo, Nandete, mwezi Julai 1905, watu waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu walianza vita vya Maji Maji kwa kung'oa miche. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, Agosti mwaka huo, upande wa pili wa mto wetu. Katika saa zangu zote za kucheza, hakuna mwanakijiji aliyewahi kung'oa mche.

Je, kuna gemu inayoweza kubeba yote haya? Sijui kama ningetaka kuicheza. Ingechosha kama maisha. Ninachojua ni kwamba bila ile gemu mbovu, yenye Feitoria isiyokauka na mto usiopanda, nisingeitafuta Kilwa, nisingemsumbua mjomba kuhusu manowari, na bibi asingevuta kigoda. Kaka alinifundisha kuisoma ramani. Makosa ya ramani nimefundishwa na wengine.

Bibi aliomba mausi. Mkono wake ulitetemeka kidogo, mshale ukapita juu ya mji, juu ya ukuta, ukatua kwa mwanamke aliyekuwa akikata kuni. Nikamwonyesha kitufe cha kumsimamisha. Mwanamke akashusha shoka akasimama kando ya mti.

"Sasa atafanya nini?" nikauliza.

"Mwache apumzike."

Pembeni ya kioo kitufe kikaanza kuniarifu kwamba kuna mtu mmoja hana kazi. Nilikiona. Adui alikuwa anakaribia kutoka kaskazini, na kuni zilikuwa zimebaki chache. Sikukibonyeza.